Sale la Mzee Elimringi

Jumanne, 8 Julai 1952

Baridi ya kuuma. Mjini Moshi tu nimevaa sweta mbili, huko juu mlimani sijui itakuwaje.

Leo nimekabidhiwa gari la vipaza sauti! Si gari lenyewe — gari ni la Seleman dereva, na betri zake haziguswi na mtu — ila maneno yatakayotoka humo ni yangu. Mashaka bin Feruzi, msemaji wa gari la Serikali. Nimelitamka mara kadhaa njiani kurudi nyumbani, watu wakanitazama.

Kazi ya kwanza ni Machame, mtaa wa juu kabisa. Serikali inatoa mabati, saruji na dresa wa kutibu. Wenyeji watoe mawe na mikono yao, ijengwe zahanati. Mawe hayaji. Mimi niende nikawatie moyo. Kichagga changu ni cha kununulia ndizi tu, kwa hiyo mwalimu mmoja wa hukohuko, Aikande, atafasiri.

Bwana Afisa, Mwingereza wetu, akaongeza neno nikiwa nimeshafika mlangoni. Zahanati ikisimama atapeleka jina langu Dar es Salaam, kwenye redio. Redio! Nimemweleza mke wangu. Mwanajuma kacheka, kasema nianze kwa kutangaza ni nani anayemaliza sukari humu ndani. Kisha akainamia mchele, akachambua. Mama yake yuko Dar. Sophia wetu sasa anakimbia na kujibu watu wazima, na bibi yake hajamtia machoni. Sikuhitaji kuuliza anawaza nini.

Jumamosi, 12 Julai 1952

Nimehutubia mgongo.

Sitanii. Uwanja wa kanisa ulijaa. Ukungu, akina mama na mafurushi ya majani ya ng'ombe, wazee na mablanketi yao. Seleman akawasha mitambo, nikasema moja, mbili — bonde zima likaniitikia. Raha iliyoje kusikia sauti yako ikikurudia kutoka ng'ambo! Mara akaja mzee mmoja mrefu, koti jeusi la kwendea kanisani, kabeba kigoda chake mwenyewe. Akapita katikati ya watu mpaka mbele kabisa, karibu na gari kiasi cha kuligusa. Akaweka kigoda. Akaketi — uso kwa watu wake, mgongo kwetu. Akakaa hivyo hadi mwisho.

Nilisema juu ya watoto wanaofia njiani wakishushwa mjini hospitali. Nilisema vizuri, hata Seleman alifuta macho. Anadai ni vumbi. Vumbi gani kwenye ukungu? Lakini watu hawakunitazama mimi, walimtazama mzee. Mwisho wakaondoka. Hakuna aliyeahidi hata jiwe la kuwekea chungu.

Wakati tunakunja waya mwalimu Aikande akanieleza. Yule ni Mzee Elimringi, baba yake mdogo. Ndiye mkubwa wa mfongo, ule mfereji unaoleta maji kutoka juu mlimani hadi mashambani. Mtu akipata zamu ya maji, kaipata kwake. Asipogeuka yeye, mtaa mzima haugeuki. Wala hana ugomvi na zahanati, ana neno na Serikali. Mwanawe Eliufoo alichukuliwa vitani, akafia Burma.

Nilitaka kuuliza zaidi, mvua ikatutawanya.

Jumatano, 16 Julai 1952

Aikande kashuka mjini kununua chaki, kapita kwetu. Mwanajuma kampa chai ya tangawizi na vitumbua. Wakaelewana mara moja, mimi nikasahauliwa nyumbani mwangu.

Baadaye akatueleza habari ya Eliufoo. Mzee alikuwa kwenye foleni ya kupima kahawa. Karani mmoja akamwita jina, akampa bahasha, akaendelea kupima. Mzee hajui kusoma. Akamwomba aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni amsomee. Hivyo ndivyo alivyosikia kwamba mwanawe amekufa — mbele ya mizani, na gunia begani.

Alirudi nyumbani akafunga lango. Akasema matanga hayatakaliwa. Serikali ilikuja yenyewe kumchukua kijana, ilikaa hapa ikanywa maziwa, basi ije yenyewe iseme hayupo. Mpaka itakaposema, mtu asije kumpa pole. Na hakuja mtu, kwa kumheshimu. Vita vimekwisha zamani, watu wamezaa, wamejenga, wale wazee wawili bado hawajafiwa. Mama Eliufoo hajalia mbele za watu mpaka leo.

Mwanajuma alimpakata Sophia, akambana mpaka mtoto akalalamika.

Nakiri hapa, maana hakuna asomaye: nusu ya moyo wangu inamwonea huruma yule mzee. Nusu nyingine inataka ageuke kwa sababu ya hotuba yangu. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo mpaka Mwanajuma kaniomba nitoke, anataka kusuka nywele.

Jumamosi, 19 Julai 1952

Niandike taratibu.

Asubuhi niliisahau fimbo yangu nyumbani. Mwalimu wangu wa shule alikuwa akisema msemaji asiye na kitu mkononi huumbuliwa na mikono yake. Kwa hiyo daima nashika kile kifimbo chembamba. Tumefika uwanjani, mikono mitupu! Nikachuma jani kwenye ua wa kanisa. Sale. Nayajua masale tangu utotoni, ni mmea wa majani marefu ambao Wachagga hupanda mipakani. Ua. Ndivyo nilivyojua mimi, mtoto wa mjini.

Mzee akaja na kigoda, akatupa mgongo. Nikaanza. Vidole vyangu vikalichezea lile jani, vikalifunga fundo. Ni tabia yangu, kamba, leso, chochote nikishika nafunga fundo. Nikasema juu ya mama anayembeba mtoto mwenye homa usiku kucha. Hawakunitazama. Nikaona kama hotuba inanifia mdomoni. Basi nikaruka kutoka garini, waya unaburutika nyuma, Seleman anapiga kelele kwa ajili ya waya wake, nikazunguka mpaka mbele ya mzee. Nikapiga goti moja. Nilipanga hilo goti tangu Jumatano. Nikanyoosha mkono.

"Mzee wangu," nikasema kwenye kipaza sauti, "Serikali inakuomba."

Nilikusudia kuendelea: inakuomba utuelekezee uso. Sikumaliza. Uwanja mzima ulinyamaza, hata watoto. Aikande hakufasiri. Nikaona mzee hanitazami mimi, anatazama mkono wangu — lile jani, na lile fundo. Akatazama kwa muda mrefu sana, mimi goti linaniuma kwenye kokoto. Kisha akalipokea kwa mikono miwili. Akasimama, akakigeuza kigoda, akaketi uso kwa gari.

Nyuma kabisa mwanamke mmoja akaanza kulia, wakafuata wengine. Aikande naye analia na kufasiri pamoja. Nami nikapanda garini nikamaliza hotuba, kifua mbele. Nikijiambia: Mashaka, leo umesema!

Tulipokunja waya Aikande akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akauliza ni nani kule ofisini aliyetushauri habari ya sale. Nikamwuliza, sale gani? Uso wake ukabadilika.

Kumbe kwa Wachagga aliyemkosea mtu jambo zito, hata la damu, humletea jani la sale. Hulifunga fundo. Humwambia, naomba. Anayelipokea amesamehe, na hapo neno limekwisha kati yao, hata kwa watoto na wajukuu. Kwa hiyo leo, mbele ya watu wote, na kwa vipaza sauti, Serikali imekiri kosa na imeomba msamaha. Kupitia kwangu.

Nilikaa kwenye ngazi ya gari. Seleman alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka.

Nikamwuliza Aikande kama tumwambie mzee. Akasema nimwambie mwenyewe, kama ninao moyo huo. Mzee alikuwa amesimama kwenye lango la kanisa, ameshikilia lile jani kifuani kama mtu aliyebeba yai. Sikuwa nao.

Jumatatu, 28 Julai 1952

Mawe! Barabara yote ni mawe. Wanawake wanabeba kichwani, watoto wanaviringisha, kijana mmoja kaleta ng'ombe na kamba. Mzee Elimringi alikuwa wa kwanza, jiwe begani, hataki kupokewa. Ameahidi hata maji ya mfongo yapite kwenye zahanati.

Bwana Afisa alikuja kuona. Kanipa mkono mbele ya watu. Barua ya Dar imeshaandikwa, kasema. Mwanajuma ameanza kuulizia mabasi, na Sophia anafundishwa kumwambia bibi shikamoo.

Mzee kanipa mkungu wa ndizi na kibuyu cha maziwa ya mgando. Nimeyanywa. Matamu, na hayashuki vizuri.

Ijumaa, 1 Agosti 1952

Kiboriloni, siku ya soko. Tulikwenda kutangaza chanjo ya ng'ombe. Kabla sijafungua mdomo muuza siagi mmoja akaja kwenye dirisha la gari. Anauliza: sisi sale letu linakuja lini? Barabara ilipopanuliwa, migomba yake ilikatwa na hakuambiwa hata pole. Nyuma yake kuna mwingine, na mwingine. Habari imeshuka mlima kabla yetu. Serikali siku hizi inaomba msamaha, inatumia gari la Seleman!

Seleman kanishauri nisivae tena lile koti langu la Machame, watu wanalifahamu.

Jumanne, 5 Agosti 1952

Bomang'ombe. Nimewakuta wamekwisha kuketi. Safu nzima ya wazee, kila mtu na kigoda chake, na wote — wametupa mgongo! Mmoja alikuwa akigeuka kidogokidogo kuchungulia kama nimeshachuma. Na mtu mwema, sijui nani, alikuwa ametuwekea fungu zima la masale juu ya boneti.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka nikashindwa kuanza. Kisha nikawatazama tena ile migongo. Kila mmoja ana lake alilolibeba miaka yote, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Kicheko kikaniisha.

Alhamisi, 7 Agosti 1952

Niliitwa ofisini.

Bwana Afisa hakupandisha sauti, ingekuwa afadhali angepandisha. Habari za Bomang'ombe zimefika kwa wakubwa wake. Alitaka nimweleze jambo zima, nikamweleza, fimbo, jani, fundo, goti. Akafunika macho kwa kiganja. Nadhani kidogo alitaka kucheka. Lakini akasema mtumishi hawezi kuiombea Serikali msamaha. Ikianza kwa mmoja, itaishia kwa nani? Nikamwambia yule mzee kafiwa na mwana, na alipewa habari kwenye foleni. Akasema anasikitika sana, yeye mwenyewe. Alipoteza kaka vitani. Ila yeye si Serikali, wala mimi si Serikali.

Amri: Jumamosi ya wiki ijayo twende Machame pamoja. Nisome mbele ya watu maneno aliyoyapiga chapa, kwamba lile jani lilikuwa kosa la msemaji, na Serikali haikuomba lolote. Nikisoma, barua ya Dar inaendelea. Nisiposoma, nirudishe ufunguo wa ofisi.

Ijumaa, 8 Agosti 1952

Nimemwambia Mwanajuma. Alikuwa anakunja nguo za kusafiria. Hakuacha kukunja. Aliniuliza kitu kimoja tu: Yule mama, ataanza tena kungoja?

Usingizi hakuna.

Jumatano, 13 Agosti 1952

Nimeomba ruhusa, nikapanda lori la kahawa mpaka Machame, kisha kwa miguu. Sikutaka mzee alisikie jambo hili kwa vipaza sauti. Yalimtosha ya mizani.

Nilimkuta akizibua mfongo kwa jembe, suruali kaikunja. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanikaribisha ndani ya kihamba, shamba lao la nyumbani, chini ya migomba. Mama Eliufoo akaleta maziwa, akaketi kando. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, mimi msemaji! Yote yakapotea. Nikamwambia tu kwamba sikujua. Nilichuma jani kwa sababu nilisahau fimbo. Fundo lilijifunga. Hakuna aliyenituma.

Mzee alipangusa jembe kwa jani la mgomba. Kiswahili chake ni cha polepole, anachagua kila neno.

"Nilijua," akasema. "Ulilishika kama mtu anayefukuza nzi."

"Sasa mbona ulilipokea, mzee?"

"Wanaojua hawakuja. Ningengoja mpaka lini?"

Nililia. Naliandika waziwazi, nililia chini ya migomba ya watu, mtu mzima na tai shingoni. Mzee hakunizuia. Alingoja nimalize, akanisogezea kibuyu.

Kisha nikamweleza habari ya Jumamosi, na yale maneno yaliyopigwa chapa. Aliliegemeza jembe kwenye mgomba. Akauliza kama kazi hiyo ndiyo inayomlisha mtoto wangu. Nikasema ndiyo. Akasema basi nisome waliyoniandikia, yeye hatanilaumu. Ameshageuka, na shingo yake imechoka kurudi kule.

"Lakini kabla hujasoma," akasema, "mtaje Eliufoo kwenye ile mashine. Jina lake, na kwamba hayupo. Mpaka wa ng'ambo wasikie. Mimi nilisema Serikali itakaposema, watu waje. Siwezi kuwaita mwenyewe."

Mama Eliufoo alisema neno kwa Kichagga, macho chini. Sikulielewa na mzee hakulifasiri.

Nimeteremka kwa miguu mpaka barabarani. Mtu ananiruhusu nimkane ili mwanangu ale. Sijawahi kupewa kitu kizito hivyo.

Jumamosi, 16 Agosti 1952

Naandika nimekaa juu ya gunia la kahawa, nyumbani kwa Mzee Elimringi. Jioni, mwanga bado upo. Gari limeondoka bila mimi.

Nianze asubuhi. Mwanajuma alininyooshea shati, akanifunga tai mwenyewe. Hakuniambia nisome wala nisisome. Alisema tu amekwisha kuziweka zile nguo za safari kabatini, kwa hiyo nisizitafute kwenye sanduku. Nilitaka kumkumbatia, Sophia alikuwa katikati na uji mkononi.

Tulipanda na Bwana Afisa, amekaa mbele na Seleman, mimi nyuma na mitambo. Ukungu ulikuwa umeinuka, kilele cheupe juu yetu, na ng'ambo ya bonde nyumba zinaonekana moja moja na moshi wake. Watu wengi kuliko siku zote. Mzee alikuwa mbele kwenye kigoda, uso kwetu. Pembeni yake Mama Eliufoo. Aikande kaninong'oneza kwamba mama huyo hajawahi kuja kwenye mkutano wowote tangu ile bahasha.

Nikasimama. Karatasi mkononi, Bwana Afisa pembeni yangu. Nilianza kama mzee alivyoniomba.

Nilisema: Eliufoo, mwana wa Elimringi, wa mtaa huu, alikwenda vitani kwa kazi ya Serikali. Alifia Burma. Hatarudi.

Aikande akafasiri. Sauti yake ilikwenda ikagonga upande wa pili, ikarudi. Eliufoo. Ng'ambo nikaona mtu ameacha kulima, amesimama. Wazee wakavua kofia.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusoma. Nikaitazama karatasi. Maneno yenyewe si mabaya, ni mistari michache tu, ningeyamaliza kwa pumzi moja. Nilimwona Mama Eliufoo amekaza khanga yake kwa mikono miwili, anangoja kama mtu anayengoja kupigwa. Kumbe anajua. Mzee alimwambia, na bado amekuja!

Nikasema: Hatukuja kuwaambia. Tulipaswa kuja, tukaketi, tukawaambia. Mama, baba, poleni.

Basi. Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni. Bwana Afisa akaninong'oneza nisome. Nikamwambia siwezi, Bwana. Akaniambia tena. Nikampa kipaza sauti. Nilimpa kwa heshima, kwa mikono miwili, wala si kwa kiburi — nilikuwa namwona Mwanajuma na zile nguo.

Alikishika. Akawatazama watu, nao wakamtazama, vichwa wazi kwenye baridi. Kiswahili anakijua, angeweza kusoma mwenyewe. Alifungua mdomo. Sijui alimwona nani pale, au aliwaza nini. Akakiweka kipaza sauti chini taratibu, akavua kofia yake, akaivaa tena, akaingia garini. Akamwambia Seleman twende. Hakuniita. Seleman alinitazama dirishani, macho yamemtoka, na mkono kwenye gia. Nikampungia aende, asije akapoteza kazi na yeye.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nawaza nitateremkaje, na nitamwambia nini Mwanajuma, na ufunguo wa ofisi bado uko mfukoni mwangu. Aikande akanivuta mkono. Akasema nije nyumbani, watu wanakuja.

Nao wamekuja. Sijaona jambo kama hili. Kwanza majirani, na mashuka na masufuria. Kisha wa mtaa wa chini. Mzee alikwenda mwenyewe akafungua lango, akalisukuma mpaka kwenye migomba na kuliegemezea jiwe lisijifunge. Watu wanaingia, wanamshika mkono, wanasema pole, kana kwamba kijana amekufa leo asubuhi. Wengine wana vijana waliosoma darasa moja na Eliufoo, sasa ni baba za watu. Mmoja kaniambia alisikia jina lake kutoka ng'ambo akiwa shambani, akaacha jembe palepale ardhini. Kashuka bondeni, kavuka mto, kapanda. Suruali yake ina maji mpaka magotini.

Mama Eliufoo alikaa ukutani, wima. Wanawake wakamzunguka. Wa kwanza akamgusa bega. Wa pili. Kisha ikatoka sauti ambayo sitaijaribu kuiandika. Wanaume wote uani waliinamisha vichwa. Mzee alikuwa ameshika nguzo ya mlango na machozi yanamshuka bila kuyafuta, na usoni ametulia, ametulia kabisa. Nimemwona binadamu akipumua.

Nafasi imekwisha humu. Wamewasha moto nje na bado wanaingia. Nimejaribu kutoka, nimpishe mama mmoja mkongwe gunia langu. Mimi ni nani humu? Mgeni, wa dini nyingine, wa mjini, na labda tangu mchana huu sina hata kazi ya kujitambulishia.

Gari linapanda. Naujua mlio wa ile gia, ni la Seleman, lazima. Kama anakuja peke yake kunichukua, au yuko na Bwana Afisa, au kuna wengine, sijui. Watu wamesikia pia. Wote wamegeuka kuangalia lango, na lango liko wazi. Nimesimama ili niende nikakutane nao barabarani, mambo ya ofisi yasije yakaingia humu.

Mama Eliufoo amenishika mkono. Sikujua kama ana neno hata moja la Kiswahili.

"Kaa," amesema.